Ushauri: nanunua gari la umeme Denver, hesabu ya punguzo imekaa sawa?

Kiberenge: Wadau, habari za mchana. Nachukua Chevrolet Equinox EV mpya, toleo la chini, bei ya kiwanda haifiki dola 35,000. Muuzaji wa Denver kanipigia hesabu: punguzo la kodi la Colorado 3,500, nyongeza ya 2,500 kwa magari ya bei hiyo, na 7,500 za serikali kuu. Jumla 13,500. Gari linafika wiki ijayo, nami usiku silali. Kuna mtego?

Fundi Waya: Mtego uko ukutani kwako. Usifunge soketi ya bei chee. Chaja inavuta ampia 40 usiku kucha, na soketi hizo huyeyukia kwenye skrubu zisizokazwa sawasawa. Breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya 50, chaja 40, kwa sababu mzigo wa saa tatu na zaidi hauruhusiwi kupita asilimia 80. Waya wa shaba namba 6, na kumbuka namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Ukitaka chaja ya 48, breka ni 60, na hapo namba 6 ya kawaida ya kupita ukutani haitoshi, mwisho wake ampia 55. Pitisha nyaya za THHN (nyaya moja moja zinazostahimili joto zaidi) kwenye bomba, unganisha moja kwa moja bila soketi.

Kiberenge: Shukrani mkuu, ila nimeuliza kodi.

Mzee wa Kodi: Za Colorado ni sahihi kwa 2025. Fomu ni DR 0617, na unaweza kumwachia muuzaji au anayekukopesha haki hiyo akukatie kwenye bei. Ukiingia Januari 2026, ile 3,500 inashuka hadi 750. Ila gari lazima lisajiliwe Colorado. Uko kaunti gani?

Kiberenge: Litasajiliwa Aurora, hapo jirani na Denver.

Mzee wa Kodi: Sijauliza gari. Wewe unalala wapi?

Kiberenge: Plano, Texas. Aurora kuna binamu yangu, natumia anwani yake. Sioni wizi hapo, ni familia. Texas wanataka dola 400 za ziada kwenye usajili eti kwa sababu ni la umeme. Hiyo ndiyo haki?

Chapombe Mstaafu: Kumbe mleta uzi halali kwa sababu mpango wenyewe si halali 😂

Mama Nne: Barua ya kodi ikija itafika kwa binamu, siyo kwako. Umemwambia hilo, au umemwambia tu "nisaidie anwani"?

Mzee wa Kodi: Hizo 400 ni za miaka miwili ya mwanzo kwa gari jipya, kisha 200 kila mwaka, tangu 1 Septemba 2023. Gari lako halinywi petroli, kwa hiyo halilipi zile senti 20 za Texas kwa kila galoni. Wewe ni mkazi wa Texas na gari litatembea Texas, basi lisajiliwe huko: kodi ya asilimia 6.25, ukitoa uliyolipa Colorado. Hatari kubwa iko kwenye bima. Bima huhesabiwa kwa mahali gari linapolala. Ukigongwa Plano na karatasi zinasema Aurora, wana sababu ya kukataa kulipa.

Kiberenge: Nitakuwa naenda Aurora mara kwa mara.

Chapombe Mstaafu: Kilomita elfu na ushee, kila wikendi. Sawa.

Mtungi: Achana na betri. TCEQ, idara ya mazingira ya Texas, ina ruzuku hadi 5,000 kwa gari jipya la gesi asilia au propani, umeme 2,500 tu. Wana msimu wa maombi, na fungu likiisha wanafunga. Dar hata bajaji zinatembelea gesi.

Fundi Waya: Anauliza Equinox, wewe unamletea bajaji.

Mpekuzi: Mnachoshwa bure, uzi wa kutunga huu. Leo ni Oktoba 2025. Ile 7,500 imefungwa 30 Septemba, kwa sheria iliyosainiwa 4 Julai. Muuzaji gani anaihesabu kwa gari la wiki ijayo?

Kiberenge: Sijatunga. Nilisaini tarehe 28 Septemba, nikalipa 500. Sikuitaja kwa sababu nilijua mtaniambia nighairi.

Mzee wa Kodi: Hilo ndilo ungeanza nalo! IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, inakubali gari likabidhiwe baadaye, mradi mkataba wa maandishi unaofunga na malipo, hata kidogo, viwe vimefanyika kufikia 30 Septemba. Ukikabidhiwa, muuzaji ana siku tatu kutuma taarifa kwenye tovuti ya IRS. Dai nakala, ndiyo utakayojazia Fomu 8936. Sasa soma karatasi yako: ukighairi, 500 inarudi?

Kiberenge: Inarudi yote. Juu pameandikwa "ombi la kuwekewa gari".

Mpekuzi: Basi nafuta kauli, si ya kutunga. Pole.

Mzee wa Kodi: Basi hiyo huenda si mkataba unaofunga. Kuna karatasi nyingine uliyosaini kabla ya tarehe 30? Yoyote yenye bei na sahihi ya muuzaji?

Fundi Waya: Na waya hujanunua, sivyo?

Kiberenge: Nimenunua. Namba 8.