Mrejesho: kompyuta niliyoiunga mwenyewe kuchemka na kujizima

Habari wakuu. Mtakumbuka nilieleza kwamba kompyuta yangu inafika nyuzi 95 na kujizima kila nikifungua gemu, huku feni zikivuma muda wote. Nawashukuru sana mlionijibu.

Aliyeniambia nifungue kipoza joto cha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nitazame chini yake ndiye aliyeniokoa. Ile karatasi ya plastiki ya kiwandani ilikuwa bado imegandia pale, pesti ya kupitisha joto imetapakaa juu yake, haijagusa chuma hata kidogo! Nimeibandua, nikafuta pesti yote kwa spiriti, nikaweka tone jipya katikati, saizi ya punje ya njegere. Sasa nacheza saa nzima haivuki nyuzi 72, na haijazima tena.

Feni ya nyuma nayo ilikuwa inaingiza hewa badala ya kuitoa. Kuigeuza kumepunguza nyuzi 3 tu, si haba.

Kilichogoma ni kelele. Nimeshusha kasi ya feni kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kama mlivyoshauri, lakini ya mbele bado inakwaruza. Nikiigusa kwa kidole inachezacheza, nadhani beringi imekwisha. Hiyo nitabadilisha. Asanteni sana.