MJADALA: Kwanini kila mjasiriamali wa Mtwara anaambiwa "fungua Insta"?

MtuWaShangani: Wadau habari za humu. Kuna kitu kinanikera. Kila semina ya vikundi, hasa hivi vinavyosubiri mkopo wa halmashauri ile asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), mtoa mada anasimama anawaambia kinamama fungueni Insta, fungueni TikTok, anachukua posho yake anasepa. Hakuna anayemuuliza mama anauza nini na anamuuzia nani. Kuna mama huku Chikongola anapika chapati na maandazi ya oda, bando linaisha anapata laiki za watu wa Mwanza, sasa chapati itafika Mwanza lini jamani? Mi naona huo ni upotoshaji. Mnasemaje?

Mbanguaji: Nakupinga kidogo mkuu. Mi nauza korosho zilizobanguliwa, mtu wa hapa hanunui kwangu maana kila ukoo una mikorosho yake. Wateja wangu wako Dar na Dodoma maofisini na hao nimewapata hukohuko Insta. Ila sikuanza kwa kupost, niliandika "korosho za Mtwara" kwenye sechi nikafungua akaunti za wenzangu, picha nikaachana nazo nikawa nasoma komenti tu. Watu wanauliza nzima au vipande, kilo shingapi, mnatuma Arusha, hela ya basi juu ya nani, na mwenye akaunti kimyaaa. Nikaweka bei kwenye picha, nzima mbali vipande mbali, na hela ya kutuma nikaiandika hapohapo. Basi.

BiMkubwaLindi: Mie nauza pweza na ngisi, sina Insta wala siitaki. Wavuvi wakishuka nawapiga picha hao pweza wakiwa bado wana maji ya bahari naweka status ya WhatsApp, mchana ndoo tupu

FundiMasasi: Bi mkubwa shikamoo. Hiyo status lakini anaiona mtu uliyemsevu na yeye kakusevu, na masaa 24 yakipita haipo, kwahiyo unauzia walewale kila siku. Kwa pweza sawa, atarudi kesho. Mi nauza simu na spea za boda, mtu akinunua leo namuona tena mwakani, lazima nitafute wapya. Nawapata Facebook kwenye magrupu ya kuuza na kununua, na kuna majira yake bwana. Mwezi wa 10 minada ya korosho ikianza na hela zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, utaona Newala na Tandahimba wanavyoulizia mabati, pikipiki, redio za sola. Post ileile iweke mwezi wa 4 uone, hata "bei gani" hupati.

MtuWaShangani: Wakulima wenyewe wako Facebook kweli?

FundiMasasi: Mzee ana kitochi. Mwanae ndo yuko Facebook, anamuonesha baba bati, baba anatoa hela.

TichaNachingwea: Hapo kwenye magrupu tuambiane ukweli, mnakera. Grupu la wazazi wa darasa la saba mtu anatupia madera, la msiba watu wanachangisha sanda mwingine anatupia perfyumu, admini akikutoa unanuna. Kaa humo kimya, siku mtu akiuliza "nani anamjua fundi wa friji" ndo ujitokeze, huyo hata hakusumbui bei.

BiMkubwaLindi: marahaba baba. Na wewe Ticha unataka pweza useme, acha kupita kimya kimya kwenye status 😂

Mbanguaji: Sasa MtuWaShangani umelalamika weee, huyo mama wa chapati unamshauri nini?

MtuWaShangani: Kwanza awaulize anaowapikia sasa hivi, nani kamwambia habari zake na wapi. Hajawahi kuwauliza hata mmoja, na mtoa mada pia hakumwambia aulize. Mi nahisi wengi ni wa ofisi za Ligula, wameambiana wao kwa wao kwenye grupu la kazini. Namba aibandike kwenye ndoo ya chapati wamsevu, na yeye awasevu, maana hiyo ya Fundi hata mi nilikuwa siijui. Ijumaa kuna semina nyingine ya vikundi, mwenye mwaliko anyooshe mkono huko amuulize mtoa mada yeye chakula cha mchana anaagizia wapi.