Tyuna inakataa mita 40 na mita 20, lakini mita 30 inakubali papo hapo

Mwana wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimefunga tyuna ya antena (kifaa kinachooanisha antena na redio ya mawasiliano) inayojirekebisha yenyewe, ile ya kuwekwa nje, juu ya paa la nyumba yetu ya mawe. Waya wa shaba wa mita 21 unatoka moja kwa moja kwenye tyuna na kupita juu ya boriti mbili za mkoko nilizozisimamisha. Waya wa ardhi nimeushusha ukutani, ghorofa mbili, hadi kwenye chuma nilichokipigilia chini.

Nikituma wati 10 kwenye megahezi 10.1 (bendi ya mita 30) au 18.1, rilei, yaani swichi za ndani ya tyuna, hualika (hulia tak-tak) kidogo tu na SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio ambacho 1 ndiyo bora, ikashuka hadi 1.3. Nikihamia 7.1 (bendi ya mita 40), 14.2 (bendi ya mita 20) au 21.2, rilei huendelea kualika mpaka taa nyekundu ikawaka, na maikrofoni hunichoma mdomoni ninapozungumza. Aliyeniuzia ananiambia kuwa tyuna ni mbovu na ninunue nyingine. Je, ni kweli? Na je, itafaa niurefushe waya wa ardhi hadi baharini, yapata mita 40, kwa kuwa maji ya chumvi yanasifiwa sana?

Mzee wa Masafa, Malindi

Waalaikumu salaam, mwanangu. Usinunue kitu, kwa sababu orodha yako ya masafa imekwisha kutoa jibu. Gawa 300 kwa 7.1 utapata wimbi la mita 42 na ushei, ambalo nusu yake ni mita 21, yaani waya wako hasa. Kwenye 14.2 waya huohuo ni wimbi zima, na kwenye 21.2 ni wimbi moja na nusu. Waya ukilishwa nchani ilhali urefu wake ni nusu ya wimbi au kigawe chake, impidansi (ukinzani wa waya kwa umeme wa redio) hupanda hadi maelfu ya omu, na koili na kapasita za tyuna ndogo hazina uwezo wa kuishusha hadi omu 50 ambazo redio inazitaka. Kwenye 10.1 na 18.1 waya uko karibu na robo tatu ya wimbi na wimbi moja na robo, ambako impidansi ni ya chini, ndiyo maana tyuna hutulia bila taabu. Kifaa kibovu hakichagui masafa kwa mpango kama huo.

Urefushe waya ufike mita 25.6. Utapata 7, 14 na 21, ingawa 18 huenda ikakusumbua. Paa likiwa halitoshi, ikunje ncha iteremke, maana tyuna haijali kona, ila iwe mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia, kwa kuwa volti huwa nyingi mno hapo nchani.

Fundi wa Langoni, Lamu

Naafikiana na mzee, na ninaongeza juu ya waya wa ardhi, kwani hapo ndipo inapotoka ile hali ya kukuchoma mdomo. Waya unaoteremka ghorofa mbili hauwi ardhi tena kwa masafa haya: nao unarusha mawimbi, na ukiupeleka mita 40 hadi baharini utakuwa antena ya pili inayopita vichochoroni. Sifa ya maji ya chumvi ni ya kweli, lakini humfaa aliyeweka tyuna yake ufukweni penyewe. Wewe tandaza nyaya nne za mita 5 hadi 10 juu ya paa, zote zianzie kwenye skrubu ya ardhi ya tyuna, kisha izungushe kebo ya koaksi, ile inayounganisha redio na tyuna, mara kumi hivi kwenye pete ya feraiti (pete ya sumaku inayozuia mawimbi yasirudi kupitia kebo) kabla haijaingia chumbani.

Kagua pia viungo vyote. Kwangu, baada ya msimu mmoja wa kusi, shaba iliota kutu ya kijani chini ya skrubu, na SWR ikawa inabadilika kila asubuhi. Sasa hulehemu, hupaka grisi, kisha hufunga utepe wa mpira. Na tafadhali, usitumie wati 100 wakati rilei zinatafuta, kwa sababu cheche huunguza ncha zake.

Mwana wa Mkomani, Lamu

Mzee wangu na fundi, Mungu awalipe kheri. Nimeunga mita 4.6, ncha nikaiteremsha upande wa kiwanda cha ndani (ua wa nyumba), juu kabisa ya mlango, na nyaya nne zimelala paani. Kwenye 7.1 rilei zilialika kama sekunde mbili, zikanyamaza, SWR 1.4. Kwenye 14.2 ni 1.2, na 21.2 nayo imekubali. Maikrofoni hainichomi tena. 18.1 imekataa, kama mzee alivyosema, nami nimeridhika nayo hivyo. Pete ya feraiti bado sijaipata hapa mjini, nimeiagiza Mombasa.