Tupeane uzoefu: pampu ya insulini au sensa ya sukari, ukiambiwa chagua kimoja tu unachukua kipi?

MamaK_Mbagala
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka 9. Kisukari aina ya kwanza kiligundulika mwaka jana baada ya kulazwa akiwa hoi, sisi tulishampa dawa ya malaria. Sasa anachoma insulini ya Mixtard asubuhi na jioni. Kidole tunapima mara 2 kwa siku, hela ikiwepo mara 3. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), mara ya mwisho kilitoka asilimia 10.4, juu mno.

Kaka yangu yuko Minnesota, Marekani. Kapiga simu kasema, dada, chagua kimoja, pampu (kimashine cha kuvaa kinachoingiza insulini mwilini kwa mrija) au sensa (kidude cha kubandika ngozini kinachopima sukari muda wote), nitakununulia. Huko watoto anaowaona wamevaa vyote viwili. Mimi mawazo yalikimbilia pampu, maana nilijua sindano ndiyo basi tena. Baba yake anataka sensa. Wiki nzima tumenuniana. Kama umevaa mwenyewe au unamlea aliyevaa, naomba unisimulie yaliyokukuta. Ya kugugo nimeshasoma mpaka macho yanauma.

DobiWaKurasini
Nina kisukari mwaka wa 16. Pampu nimeivaa miezi 7 nikaivua mwenyewe.

Niliachiwa na jamaa aliyekuja likizo kutoka Ulaya, yeye alishapewa mpya. Nikajiona mfalme. Ambacho sikukielewa ni kwamba pampu haina macho. Inasukuma insulini kama ulivyoiagiza, sukari iwe imeshuka 3 au imepaa 20 yenyewe haina habari. Kwa hiyo kidole nilichoma kuliko zamani, mara 6 hadi 7 kwa siku.

Halafu ndani yake inakaa insulini ya haraka peke yake, ile ya kutwa nzima unaiacha. Mrija ukigoma usiku, saa chache tu mwilini hamna kitu. Mimi kanula, ile ncha ya mrija inayoingia mwilini, ilijikunja chini ya ngozi nikiwa usingizini. Alfajiri naamka natapika, mashine ya kidole inaandika HI, yaani sukari iko juu hadi haisomeki, ketoni (sumu inayojaa mwili ukikosa insulini) zimejaa kwenye mkojo. Na ndani sina hata kalamu moja ya insulini ya muda mrefu, nilishaziona mambo ya kale. Nililala wodini siku 4. Daktari wa zamu aliishika ile pampu kama redio mbovu, akawa ananiuliza mimi mgonjwa inazimwaje. Simlaumu, hakuwahi kuiona.

Ila kilichonifanya niivue ni mirija. Inabadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Piga hesabu, 10 kwa mwezi, 120 kwa mwaka, na mimi nilikuwa nategemea begi la mtu anayesafiri. Mwezi wa saba begi halikuja.

MamaK_Mbagala
Ee Mungu. Sasa hiyo kanula ikijikunja pampu hailii?

DobiWaKurasini
Inalia ikiziba, lakini kwa zile dozi ndogondogo za usiku inachelewa. Kanula ikichomoka insulini ikawa inaloweka shati, hailii kabisa, kwake yenyewe kazi inaendelea. Pua ndiyo inakwambia, insulini inanuka kama plasta mpya.

Mvita1
Mie niko Mombasa, mwaka wa pili natumia sensa ya Libre, ile ya duara kama kifungo cha koti. Yakaa siku 14 mkononi, kwa mwaka ni 26. Mimi sizimudu zote 26, navaa miezi miwili napumzika mmoja, na mwezi wa mapumziko narudi kwa kidole.

Iliyonifunza ni wali wa nazi. Miaka yote nikipima saa mbili baada ya kula, naona 8, najipongeza. Kumbe mafuta ya nazi yachelewesha, sukari yaanza kupanda saa ya tatu na hadi ya tano iko 15 na mie nishalala! Kidole kisingenambia hilo maishani.

Ubaya wake sasa. Joto la hapa na jasho, gundi haishiki. Katika sensa zangu 5 za mwanzo 3 hazikufika siku ya kumi, moja iling'olewa na mlango wa matatu watu wakicheka. Siku hizi nasafisha kwa spiriti, naacha ngozi ikauke kabisa, nabandika, kisha nazungushia bandeji ya wachezaji na kukiacha wazi kile kitundu cha katikati. Tena ukiilalia yasoma chini uongo, walia kengele bure. Na vidonge vikubwa vya vitamini C vyaifanya isome juu kuliko ukweli. Kumbuka haipimi damu, yapima maji ya chini ya ngozi, iko nyuma ya damu kama dakika 5 hadi 15. Sukari ikiwa yateremka kwa kasi na mwili watetemeka, amini mwili, choma kidole.

Ramadhani ndipo nilipojua thamani yake. Ikifika 3.9 nafungua, sina ubishi na mtu.

Brum_mswahili
Dada, kijana wangu ana miaka 12, tuko Birmingham, amevaa vyote viwili na vinaongea. Sensa inapeleka namba kila dakika 5, pampu inapunguza au kuongeza yenyewe. Chakula bado lazima umwambie, asipohesabu wanga wa chapati haina namna. Huku Uingereza NICE, wale wanaoamua tiba zipi zitolewe, waliupitisha huo mfumo Desemba 2023 na NHS, huduma ya afya ya serikali, wakaanza kuutoa kwa awamu Aprili 2024, watoto wakiwa mbele. Hicho ndicho kaka yako anachokiona huko aliko. Pampu pekee bila sensa ni kitu kingine kabisa, kama alivyosema Dobi.

Ila pampu nayo tuipe haki yake. Kijana alianza na miaka 3. Kalamu inayotoa nusu yuniti ilikuwa nyingi mno kwake, nusu yuniti ya ziada anaanguka. Pampu ilikuwa inampa 0.05 kwa saa. Kwa mtoto mdogo vile hakuna sindano inayoweza.

Tulipokuja Tanga wiki 5 tulibeba begi zima la vifaa, pamoja na kalamu za akiba, na tulizitumia. Uwanja wa ndege usiruhusu pampu ipite kwenye mashine ya kumulika mizigo, omba wakupapase kwa mkono. Nikilazimishwa kumvua kimoja, namvua pampu.

Maskati2
Msimtishe dada wa watu. Mimi niko Muscat, pampu mwaka wa 6, na simpi mtu. Sukari yangu ilikuwa inapanda yenyewe kuanzia saa kumi alfajiri, sijala wala sijanywa. Ukiongeza insulini ya usiku, saa saba unashuka. Ukipunguza, asubuhi uko 14. Pampu nimeiambia kuanzia saa tisa unusu usiku ongeza kidogo, saa mbili asubuhi rudi. Tatizo la miaka 9 likaisha kwa wiki mbili.

Lakini mirija naipata hapa hapa, na nina sensa pia. Hilo nakubali. Na joto: wakati wa kiangazi niliacha vifaa ndani ya gari kwa muda wa swala ya Ijumaa tu, ile insulini ikawa maji ya kunywa.

nesi_mstaafu
Mwanangu MamaK, nimefanya kazi kliniki ya kisukari miaka mingi, naomba nikuulize jambo ambalo hawa wote wamelipita. Huyo mtoto ukimvisha sensa leo ukaona saa nane usiku yuko 3 na saa nne asubuhi yuko 17, utabadilisha nini?

Mixtard ni insulini mbili zimeshachanganywa kiwandani, asilimia 30 ya haraka na 70 ya taratibu. Huwezi kugusa moja bila nyingine. Ukiongeza ili chakula cha jioni kikae sawa, umeongeza na ya usiku, na ile ya usiku nguvu yake inakuja kati ya saa 4 na 10 baada ya kuchoma. Ukichoma saa moja jioni, hesabu mwenyewe inamkuta akiwa wapi. Sensa juu ya Mixtard itakuonyesha moto, ndoo ya maji huna.

Muulize daktari kama anaweza kutenganishiwa: Actrapid (ile ya haraka) kabla ya kila mlo, Insulatard (ile ya taratibu) peke yake usiku wakati wa kulala. Hizo zipo nchini, si mambo ya Marekani. Sindano zitakuwa 4 badala ya 2, nakwambia ukweli. Na kama hajaandikishwa kwenye mradi wa Changing Diabetes in Children, uliza hapo hapo kliniki, wanasaidia insulini na stripu, vile vipande vya kupimia damu ya kidole. Hela ya kaka yako kipande kimoja kiende kwenye stripu, apimwe mara 4 kila siku. Hayo mengine yaje juu ya msingi huo.

MamaK_Mbagala
Shikamoo mama. Sijawahi kuambiwa hivi. Mimi nilikuwa naongeza yuniti 2 jioni kila nikiona asubuhi ipo juu.

nesi_mstaafu
Marahaba. Wengi wanafanya hivyo. Kuna wakati asubuhi inakuwa juu kwa sababu usiku alishuka, mwili ukajitetea. Hapo ndipo sensa ya wiki 2 tu ingekusaidia kujua, hata usipoendelea nayo.

KijanaWaTabata
Kabla kaka hajalipia, mambo ya kijinga yaliyonikuta mimi. Shemeji alinitumia sensa kutoka Marekani, na kisomeo, kile kidude cha kuonyesha namba za sensa, nilikuwa nimeshanunua kilicholetwa kutoka Ulaya. Havikusomana. Nunua vyote soko moja.

Mara ya pili akatuma na kisomeo cha huko huko. Kikasoma! Bi mkubwa kuona 162 akapiga yowe, akajua nakufa. Vya Marekani vinasoma kwa miligramu, sisi tumezoea namba ndogo za mmol. Gawanya kwa 18: 162 ni 9, 70 ni 3.9. Nilibandika karatasi kwenye friji. Na hakikisha ni toleo lenye kengele, ile Libre ya kwanza kabisa haina, inangoja uisogelee.

Mwl_Mtoni
Mimi mwalimu wa msingi, nilikuwa na mwanafunzi mwenye sensa. Simu shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo alikuja na kisomeo. Mwanzoni kilikaa ofisini, kengele inalia ofisini na mtoto yuko darasani akisinzia. Tukabadilisha, kikakaa kwenye begi lake. Ile aliyovaa inatunza namba za saa 8 tu, ukichelewa kuisoma za mwanzo zinafutika. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, hivyo lazima aisome walau mara moja mapumziko. Mama yake alituachia boksi la juisi na glukosi kabatini. Ongea na mwalimu wa darasa uso kwa uso, barua hazisomwi.

DobiWaKurasini
Mwalimu umeongea la maana kuliko sisi wote.

MamaK_Mbagala
Wakuu narudi baada ya wiki 5. Pampu tumeiweka kando, baba yake ana furaha ya kunikera. Kaka kakubali kutuma sensa 6 na kisomeo chake, na stripu za kutosha mpaka Desemba. Kliniki nilikwenda nikamwambia daktari yale ya mama nesi neno kwa neno. Akacheka, akasema huo mpango anautaka hata yeye, alikuwa anahofia tutashindwa sindano 4. Binti mwenyewe ndiye aliyesema "naweza". Ila daktari akasema kwanza tuvae sensa siku 14 kwa dozi ile ile ya Mixtard, aone.

Tulibandika Jumamosi. Alilia kidogo, akasahau, akaenda kuruka kamba.

Jana saa nane kasoro usiku kisomeo kikalia. 57. Nikakimbilia friji kusoma karatasi yangu, 3.2. Nikachoma na kidole, 3.4. Mtoto amelala kwa amani, hatetemeki, hatoki jasho, kama si kengele ningempita. Nikampa juisi nusu glasi, nikakaa kitandani kwake nimeshika kile kidude. Baada ya robo saa 76, kisha 95, mshale wa kisomeo ukalala, yaani sukari imetulia. Usiku wa leo tena, saa nane na dakika ishirini, vile vile.

Nawaza tangu mwaka jana ni mara ngapi usiku imekuwa hivi.

nesi_mstaafu
Usiwaze hilo mwanangu. Ile yuniti 2 ya jioni uliyokuwa unaongeza umeshaiondoa?

MamaK_Mbagala
Nimempigia daktari asubuhi, kasema niiondoe leo leo. Kliniki ni Jumanne, naenda na kisomeo.

Mvita1
Gundi yashika?

MamaK_Mbagala
Siku ya nne, pembeni imeanza kunyanyuka. Hiyo bandeji ya wachezaji inauzwa duka la dawa au la michezo?

Mvita1
La michezo. Itisha ya rangi ya ngozi, watoto shuleni wasimtazame sana.