Kama Higgs ndiyo inatoa tungamo, mbona hawasemi ndiyo chanzo cha mvutano?

Mdadisi wa Chembe:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua, naomba wenye fizikia yao wanisaidie. Tunaambiwa bosoni ya Higgs, ile waliyoipata CERN, maabara ya fizikia ya chembe, mwaka 2012, ndiyo inavipa vitu tungamo. Halafu shuleni tulifundishwa mvutano unategemea tungamo. Sasa mimi nikiunganisha hayo mawili naona moja kwa moja Higgs ndiyo chanzo cha mvutano, lakini sioni mtu yeyote anayesema hivyo, na wengine wanadai fizikia ya chembe haina maelezo ya mvutano kabisa. Inakuwaje? Na ule mfano wa Higgs kuwa kama tope unalotembea ndani yake, kusema kweli haujaniingia.

Fundi Kwaki:
Mkuu swali zuri sana hili. Anzia hapa, Higgs haikupi wewe sehemu kubwa ya tungamo lako. Inazipa tungamo chembe za msingi kama elektroni, kwaki (zinazounda protoni na nyutroni) na bosoni za W na Z (chembe zinazobeba kani dhaifu). Ila mwili, jiwe, sayari, karibu tungamo lote liko kwenye protoni na nyutroni. Chukua protoni moja, ina kwaki-apu mbili na kwaki-dauni moja, tungamo zao ukijumlisha unapata kama MeV 9 hivi (MeV ni kipimo cha nishati, hutumika pia kupimia tungamo la chembe), wakati protoni yenyewe ni MeV 938. Yaani asilimia moja tu!

Iliyobaki yote ni nishati. Kwaki zimebanwa kwenye kinafasi kidogo mno zinakimbia humo karibu na kasi ya mwanga, na gluoni zinazozishikilia hazina tungamo lolote lakini zina nishati, na nishati ikifungiwa mahali pamoja hivyo, ukiipima kutoka nje unaiona ni tungamo. Ndiyo ile E=mc² ya Einstein, isome tu kutoka upande wa pili.

Lakini usiidharau hiyo asilimia moja. Bila Higgs elektroni isingekuwa na tungamo, na ukubwa wa atomu unategemea tungamo la elektroni, kwa hiyo atomu zisingejengeka. Pia kwaki-dauni ni nzito kidogo kuliko kwaki-apu, ndiyo maana nyutroni inaizidi protoni kwa MeV 1.3. Ingekuwa kinyume, protoni ndiyo ingekuwa inaoza kuwa nyutroni na haidrojeni tunayoijua isingedumu.

Binti Nyota:
Niongezee kwenye tope. Huo mfano unapotosha, kwa sababu kwenye tope ukiacha kusukuma unasimama, lakini elektroni ikiwa peke yake angani inaendelea na mwendo wake ule ule milele. Higgs haileti msuguano. Kuna uga wa Higgs, yaani kitu chenye thamani yake kila sehemu ya anga, umejaa kila mahali, na hata kwenye ombwe tupu thamani yake sio sifuri. Chembe inayoshikana na uga huo inakuwa na nishati hata ikiwa imetulia, na hiyo ndiyo tungamo lake. Elektroni inashikana kidogo ikapata MeV 0.511, kwaki-topu, ile kwaki nzito kuliko zote, inashikana sana ikafika GeV 173 (GeV 1 ni MeV 1000), fotoni, yaani chembe ya mwanga, haipati kitu. Kwa nini zinatofautiana hivyo hakuna nadharia iliyoeleza mpaka leo, na mimi naona hilo ndilo fumbo lenyewe. Bosoni ya GeV 125 ni wimbi tu la huo uga, kazi inafanywa na uga.

Mzee wa Kani:
Sasa mvutano. Ile ya "mvutano unategemea tungamo" ni ya Newton, na kwa mahesabu mengi inatosha. Einstein mwaka 1915 akaenda mbali zaidi, kinachopinda anga na wakati ni nishati, pamoja na mwendo na shinikizo vinavyoambatana nayo, tungamo ni namna mojawapo tu ya nishati. Ndiyo maana mwanga unapinda ukipita karibu na Jua wakati fotoni haina tungamo, na walilipima hilo kwenye kupatwa kwa Jua mwaka 1919. Kwa hiyo mvutano hauulizi tungamo limetoka wapi, liwe la Higgs au la gluoni kwake ni sawasawa.

Wanaosema fizikia ya chembe haina maelezo kabisa wanazidisha kidogo. Kwenye nishati ndogo mahesabu ya kwantamu ya mvutano yanafanya kazi, ila ukipanda kwenye nishati kubwa sana yanavunjika. Na kuipata gravitoni moja, chembe inayodhaniwa kubeba mvutano, ni shughuli nzito mno kwa sababu mvutano ni dhaifu sana, kati ya protoni mbili kani ya umeme inaushinda mvutano karibu mara 10^36.

Mdadisi wa Chembe:
Asanteni sana wakuu, sasa naelewa. Kwa hiyo maji nikiyachemsha yanaongezeka tungamo??

Fundi Kwaki:
Ndiyo mkuu, kweli kabisa. Kilo moja kutoka nyuzi 0 mpaka 100 inaongezeka karibu sehemu 5 za trilioni za kilo, hakuna mizani ya kawaida itakayokuonyesha. Ukitaka kuona kwa ukubwa angalia Jua, haidrojeni ikiungana kuwa heliamu inapungua asilimia 0.7 hivi ya tungamo, inatoka kama nishati. Kila sekunde Jua linapoteza tani milioni 4 na zaidi kwa kuangaza tu, na mvutano wake kwa sayari unapungua kwa kiwango hicho hicho.