Muhesi wa Amani: tuukate au tuuache?

Wakuu, naleta jambo hili hapa kwa sababu kila nikirudi Muheza nakuta limewagawa watu. Mti wa muhesi (Maesopsis eminii) umejaa ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wapo wanaosema ukatwe wote kabla haujaumaliza msitu wa asili wa Usambara Mashariki. Wapo wanaosema mti ni mti, unatunza maji ya mto Zigi wanayokunywa watu wa Tanga mjini, tena unatoa kuni na mbao, basi uachwe. Mimi nasema ndani ya hifadhi usiguswe kwa chenso, ila nje ya mpaka uvunwe, na uvunwe mapema.

Kwanza tujue ulifikaje. Tanzania muhesi si mgeni, kwao ni Kagera, na ng'ambo ya hapo Uganda, ambako wanauita musizi, hadi Kongo. Huku kwetu Usambara uliletwa. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 wakakusanya miti ya pande nyingi za dunia. Utafiti uliotolewa 2008 ulikuta aina 214 za mimea ya kigeni bado zipo hai kwenye bustani ile, na 16 kati ya hizo zimesambaa sana. Lakini muhesi ulipata msaada mkubwa zaidi baadaye. Miaka ya 1960 na 1970 watu wa misitu wenyewe waliupanda kwenye msitu wa Kwamkoro, mahali palipokwisha kuvunwa mbao, kwa kuwa unakua haraka na shina lake limenyooka. Uvunaji uliendelea hadi miaka ya 1980, na kila gogo lililovutwa liliacha uwazi ambao jua lilishuka hadi chini. Muhesi unataka hasa hilo jua.

Na mpanzi wake yupo: hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Tunda la muhesi likiiva huwa jeusi, lina kokwa moja ngumu. Hondohondo anameza, anaruka mbali, anatema. Kima nao wanakula. Siku moja nilisimama chini ya mtambara mkubwa kwenye njia ya Kwamkoro, mti wa asili wanaopenda kulala hondohondo. Kokwa zilikuwa zimetapakaa chini kama maharage yaliyomwagika gunia, na miche ya muhesi imebanana kama kitalu cha mchicha. Hatua kama thelathini pembeni, chini ya kivuli kizito, mche wa muhesi sikuuona hata mmoja. Pale nilipokuwa nimesimama, tawi kubwa la mtambara lilikuwa limevunjika na anga linaonekana.

Wanaotaka ukatwe wana hoja nzito, tusiwadharau. Watafiti waliofanya kazi Amani miaka ya 1980 walieleza kwamba majani ya muhesi yanaoza upesi mno, udongo unabaki wazi na mvua inausomba, na uchachu wa asili wa udongo ule unapungua. Ukifukua kwa mkono chini ya msambu, mti wa asili wa huko, unakutana na tandiko la majani na mizizi midogo kabla hujafika kwenye udongo. Chini ya muhesi mkono unafika kwenye udongo mara moja. Kwa vyura na konokono wanaoishi kwenye majani yale, ambao wengine hawapatikani popote nje ya milima hii, hiyo ni nyumba imebomolewa.

Sasa mbona nakataa chenso? Kwa sababu ukiangusha muhesi mmoja mkubwa, unavunja miche ya asili iliyokuwa inakua polepole chini yake, unafungua anga, na kokwa zilizolala udongoni zinaamka. Utakuwa umeotesha muhesi mwingine kwa gharama ya serikali. Halafu kuna jambo tunalolijua sote tuliokulia huko: kibali cha kuingia na chenso kukata muhesi kitatoka na mtambara. Nani atasimama kila korongo kuhesabu visiki?

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mchangiaji mmoja ameuliza kwa nini basi tusichune gome kuzunguka shina, mti ukauke umesimama. Swali zuri. Njia hiyo haiharibu miche kama kuangusha, na mwanga unaingia kidogo kidogo. Ningeikubali kwa majaribio, kwenye vipande vidogo vilivyopimwa, na watu wa TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, wawe wanahesabu miche ya asili kila mwaka kabla mtu yeyote hajasema tuendelee hifadhi nzima. Hifadhi ina hekta 8,380. Kosa tukilifanya pote kwa mkupuo, halitarudishika.

Mwingine amesema naonea wakulima, kwani muhesi uko kwenye mashamba yao na wanautegemea. La hasha, ndugu yangu, nawatetea. Watu wa milima ile wamekwisha kuambiwa mara nyingi waache hiki na kile. Wa Derema, huko huko Usambara Mashariki, waliondolewa kwenye mashamba yao ya iliki ili misitu iunganishwe. Ninachotaka ni kwamba mkulima mwenye muhesi mpakani aruhusiwe kuukata na kuuza mbao bila kuzungushwa na vibali, na apewe miche ya msambu apande mahali pake, maana mbegu zake zina mafuta na zina wanunuzi. Kila muhesi mkubwa unaotoka mpakani ni matunda ambayo hondohondo hatayabeba kuingiza msituni.

Naomba walioko Amani, Mbomole na Kwamkoro mtuambie: kwenye vipande vya muhesi mnavyovijua tangu utotoni, chini yake sasa inaota miti gani?