Mume wangu aliumia shingo: nimsaidie vipi bila kumfanya mtoto?

Mke wa mkwezi, Pangani

Ndugu zangu, salaam. Mume wangu ni mkwezi wa minazi, na miezi kumi na moja iliyopita aliteleza akiwa karibu na kilele, akaanguka. Pingili ya tano na ya sita za shingo zilivunjika. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akawekewa chuma, kisha tukarudi nyumbani na mpira wa mkojo na kiti cha magurudumu. Sasa anakunja viwiko, na kifundo cha mkono anaweza kukiinua, lakini vidole havina nguvu ya kushika. Kifuani na miguuni anahisi kidogo sana.

Jumamosi alitaka kunywa chai mwenyewe. Alipitisha vidole kwenye mshikio wa kikombe cha plastiki, akakiinua kwa viganja vyote viwili huku mikono ikitetemeka, na matone kadhaa yakamwagikia shati. Nilimnyang'anya kikombe nikataka kumnywesha. Akafumba mdomo, akageukia ukutani kadiri shingo inavyomruhusu, na hakusema nami mpaka jioni. Naogopa asiungue, na wakati huohuo naona namvunja moyo. Isitoshe, mama mkwe anataka tumlete mkandaji amnyooshe shingo na vidole kwa mafuta ya nazi. Nimekataa, na nyumbani hapakaliki. Je, nimekosea?

Muuguzi mstaafu, Moshi

Mwanangu, pole sana. Kwa shingo hujakosea hata kidogo, na uendelee kukataa, kwani hakuna mtu wa kuikanda wala kuizungusha shingo iliyovunjika ikaungwa kwa chuma, isipokuwa kwa maelekezo ya waliomtibu.

Vidole navyo vina siri yake. Mwambie mumeo ainue kifundo cha mkono, nawe utaona vidole vinajikunja vyenyewe na kidole gumba kinakaribia cha shahada. Akishusha kifundo, vinafunguka. Huo ndio mshiko wake, na kwa watu walioumia mahali alipoumia yeye, ndio unaowawezesha kushika kijiko, mswaki na hata karatasi. Mkandaji akivinyoosha vidole vikae bapa huku kifundo kimeinuliwa, kano zitalegea na mshiko huo utapotea. Mweleze mama mkwe kwa upole, umwonyeshe kwa macho yake, kwa sababu naye anatafuta mwanawe apone.

Kuhusu chai, hofu yako ni ya haki, maana ngozi isiyohisi huungua kabla mwenyewe hajajua. Hata hivyo, kinachohitaji kupunguzwa ni moto wa chai. Ipoze mpaka iwe vuguvugu, ujaze kikombe nusu, umtandikie kitambaa kifuani, kisha umwachie.

Lipo jambo moja ambalo nakuomba mjue nyote wa nyumba hiyo. Akiumwa kichwa ghafla kwa nguvu, uso ukawa mwekundu au ukatoka jasho huku miguu ikiwa baridi, shinikizo la damu limepanda kwa namna ya hatari. Mkalishe wima mara moja, miguu ining'inie, mlegeze nguo, kisha angalia kama mpira wa mkojo umejipinda au umeziba, kwani mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa; choo kigumu au kidonda pia huweza kusababisha. Isipotulia upesi, mkimbizeni hospitali, na mseme wazi kwamba aliumia uti wa mgongo shingoni, kwa sababu si kila mhudumu atalifikiria hilo.

Usiku mgeuzeni kila baada ya saa mbili, na kila asubuhi mulika kwa tochi mwishoni mwa mgongo, nyongani na visiginoni. Wekundu usioondoka baada ya kuondoa uzito ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha namna hiyo huweza kumrudisha kitandani kwa miezi.

Mume wa majeruhi, Mombasa

Dada, mke wangu aliumia shingo katika ajali ya barabarani, na huu ni mwaka wa tatu. Nitasema juu yako wewe, kwa kuwa wengi watakuuliza habari za mgonjwa tu. Kumgeuza mtu kila saa mbili, usiku kucha, peke yako, haiwezekani kwa mwaka mzima. Mimi nilijaribu nikaanza kusinzia nikiwa kazini, na nikawa mkali kwake bila sababu. Tulipogawana zamu na dada zake wawili, nilipata usingizi, naye akapata mume badala ya mlinzi aliyechoka. Shemeji zako wanaogombana nawe juu ya mkandaji wapewe zamu ya usiku.

Tulikubaliana pia kwamba baada ya Isha sigusi dawa wala mpira. Tunakaa tu, tunazungumza, nampaka hina. Mambo ya faragha ya mke na mume msione haya kuyauliza kliniki. Yana majibu, na sisi tulichelewa kuuliza.

Niliyeumia mwenyewe, Mwanza

Nilipiga mbizi ziwani mahali penye maji mafupi, nikavunjika shingo. Shemeji, kabla ya kumgusa mumeo mwambie unachotaka kufanya, hata kama ni kumsogeza mguu ambao hauhisi. Mwili wangu ulikuwa ukibebwa na kufunuliwa huku watu wakizungumza wao kwa wao juu ya kichwa changu, na hilo liliniuma kuliko shingo.

Mara ya kwanza nilipofunga vifungo vya shati nilitumia karibu dakika arobaini. Mke wangu alikaa pembeni akichambua maharage, hakunyanyua mkono mpaka nilipomwita. Muulizeni pia mumeo habari za kazi yake, maana macho ya mkwezi hayakuvunjika.

Mke wa mkwezi, Pangani

Shikamoo mama wa Moshi, na nawashukuru nyote. Leo nimepoza chai, nikakaa karibu nikipura mbaazi. Amekunywa yote isipokuwa iliyomwagika kitambaani. Kisha akamwita mpwa wake, akamweleza kwamba minazi ya nyuma ya msikiti imekawia kuanguliwa na aanze na ule ulioinamia bondeni.

Mama mkwe ameuona mshiko wa vidole, akamshika mkono akamwambia aurudie. Zamu ya usiku wa leo ameichukua yeye. Kwa tochi nimekuta wekundu kisigino cha kushoto, nimeweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, na kesho asubuhi nitakitazama tena.